Betri ikifa, noti zako zinaenda wapi? Maswali kuhusu madaftari ya breli ya kielektroniki

Ukurasa huu ni wa wasioona wa Nairobi wanaotumia madaftari ya kielektroniki, yaani vifaa vya kuandikia na kusomea noti kwa breli: Braille 'n Speak za zamani, Braille Lite, PAC Mate, Orbit Reader, BrailleNote, BrailleSense na mengine ya ukoo huo. Walimu na wazazi pia wasome, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wanaoshika chaja. Maswali yameandikwa jinsi yanavyoulizwa.

Kifaa kimejizima, betri imeisha kabisa. Noti zangu zimepotea?

Uliza kwanza noti zilikuwa zimekaa wapi. Daftari lolote la kielektroniki lina mahali pawili pa kuweka maneno. Pa kwanza ni kumbukumbu ya muda, ile mafundi wanayoiita RAM. Hii inadai umeme kila sekunde ili ishike kilichomo. Ni kama maji kwenye kiganja: ukilegeza vidole, yamekwenda. Pa pili ni kumbukumbu ya flashi, iwe imejengwa ndani ya kifaa, iwe kadi ya SD, iwe ile flashi ya kuchomeka. Flashi, iliyobuniwa na Mjapani Fujio Masuoka akiwa Toshiba miaka ya 1980, hunasa chembe za umeme ndani ya vijumba vidogo mno vilivyozibwa pande zote. Ukitoa betri na kufungia kifaa kabatini, chembe hizo hazina pa kutokea.

Madaftari ya siku hizi yote huhifadhi faili kwenye flashi. Ukichaji na kuwasha, utakuta kila ulichohifadhi kiko palepale. Kinachoweza kukosekana ni aya uliyokuwa ukiiandika wakati kifaa kinazima, kwa sababu maneno unayoyaandika hupitia kumbukumbu ya muda kabla ya kushushwa kwenye flashi. Kuna vifaa vinavyoshusha vyenyewe kila baada ya muda, na kuna vinavyongoja uviamuru.

Madaftari ya zamani ni habari nyingine. Hayo yaliweka kila kitu kwenye RAM: noti, namba za simu, shajara. Hata ulipoyazima kwa swichi, betri iliendelea kulisha kumbukumbu kimyakimya. Betri ikikauka kweli, yote yameondoka, na hakuna fundi wa Luthuli Avenue wala wa Marekani atakayeyarudisha.

Nitajuaje changu ni cha aina gani?

Jina la modeli na mwaka vitakusaidia kuliko jina la kampuni. Ikiwa kina nafasi ya kadi ya SD na umezoea kuweka faili humo, faili hizo ziko salama. Ikiwa kinatumia Android, kama vile BrailleNote Touch Plus au BrailleSense 6, kiko kwenye flashi. Ikiwa kina tundu pana la pini tisa la kuunganishia kompyuta na hakina tundu la USB wala la kadi, kichukulie kuwa ni cha RAM hadi uthibitishe vinginevyo.

Kama hujui na hakuna wa kumuuliza, usifanye majaribio kwa kuiacha betri iishe. Tunalisema hili kwa sababu kuna watu hufanya hivyo.

Tumeletewa Braille 'n Speak na mfadhili. Imekaa sandukuni miaka. Tuanzie wapi?

Anza kwa kutotarajia kukuta kitu cha mwenyewe wa zamani. Braille 'n Speak ilitoka mwaka 1987, kazi ya Deane Blazie na kampuni yake ya Blazie Engineering huko Marekani. Ilikuwa kisanduku chenye vitufe sita vya vidoti na kitufe cha nafasi, kisicho na skrini wala mstari wa breli (vidoti vinavyoinuka usome kwa vidole), kilizungumza tu. Braille Lite iliyofuata iliongezewa mstari wa breli, wa seli 18 au 40, kila seli ikiwa nafasi ya herufi moja ya breli. Kwa mtu aliyezoea Perkins, ile mashine ya kupigia breli kwenye karatasi, na kelele yake darasani, chombo hiki kilikuwa ukombozi, na ndiyo maana wenyewe hawakukitupa hadi kikafika huku kama msaada.

Sasa, kabla ya kugusa soketi, tafuteni mwenye macho awasomee maandishi ya kwenye chaja, au tumieni programu ya simu kama Be My Eyes. Stima ya Kenya ni volti 240. Ya Marekani ni 120. Chaja iliyoandikwa 100–240V haina neno, inataka tu kibadilishi cha plagi ili iingie kwenye soketi yetu ya miguu mitatu. Iliyoandikwa 120V peke yake mkiichomeka moja kwa moja itaungua, na inaweza kuondoka na kifaa. Kibadilishi cha plagi hakipunguzi volti. Vyombo vingi vya msaada vimekufa hivyo dakika ya kwanza, kabla hata ya kuulizwa jambo lolote la kumbukumbu.

Chaja ikifaa, chajini kifaa kikiwa kimezimwa, na kipeni muda mrefu. Betri za nikeli zilizolala miaka mingi mara nyingi huwa zimekwisha nguvu, na kifaa kitawaka kikiwa kwenye waya na kufa ukiuchomoa. Hapo kubadilisha betri ndiyo dawa. Fundi mzuri wa redio anaweza kutengeneza pakiti mpya kwa seli za volti ileile, lakini mwambieni mapema: kama ndani mna noti mnazozitaka, asikate waya wa betri ya zamani kabla faili hazijatolewa.

Na hizo faili natoaje?

Kwa tundu lake la kuunganishia kompyuta. Unahitaji waya wa kifaa hicho, kigeuzi cha kutoka pini tisa kwenda USB, na programu ya tamino (terminal), inayopokea maneno yanayopita kwenye waya, kwenye kompyuta. Kasi ya kupokea kwenye kompyuta lazima ilingane na ya kutuma kwenye kifaa, la sivyo utapokea takataka. Kazi inachosha mara ya kwanza, kisha inakuwa rahisi. Ifanye wiki hii kama una Braille 'n Speak yenye shajara ya miaka kumi ndani. Betri hiyo haikungoji.

PAC Mate je?

Za mwanzo zilitumia mfumo wa Pocket PC wa Microsoft, na kwenye mfumo huo faili za mtumiaji zilikaa RAM. Hali ilibadilika Windows Mobile 5 ilipotoka mwaka 2005, ambapo faili zilihamia flashi. PAC Mate Omni, iliyokuja baadaye, iko upande salama. Ukiwa na ya zamani, ina nafasi za kadi za CompactFlash: hifadhi noti huko, kwa kuwa kadi haijali betri.

Kifaa kinakataa kuwaka, kinasema betri ndogo halafu kimya. Nikibonyeza tena na tena?

Usibonyeze. Madaftari mengi ya RAM hujizima mapema makusudi, yakiacha akiba ndogo ya kulinda kumbukumbu. Kila ukilazimisha kuwaka unakula akiba hiyo. Chomeka chaja, kiache saa kadhaa, kisha ndipo ujaribu. Kama stima haipo mtaani, nenda kachaji kwa jirani mwenye sola, kwenye kinyozi, popote. Kwa kifaa cha flashi haraka hiyo haina maana. Kwa cha RAM, usiku mmoja unaweza kutosha kupoteza kila kitu.

Stima ikipotea wakati kinachaji, kitaharibika?

Stima kupotea hakukiumizi. Kinahamia betri na kuendelea. Matata huja stima ikirudi, kwa sababu mara nyingi hurudi na mshtuko wa volti. Chomoa chaja mara stima ikikatika na uirudishe dakika chache baada ya taa kutulia. Agosti 2023 stima ilipopotea karibu nchi nzima, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukiwemo, walioteseka na madaftari ya kisasa waliteseka kwa kukosa chaji. Faili zao zilikuwepo. Pawabanki ya kawaida inachaji Orbit Reader, kwa vile inatumia USB kama simu.

Orbit Reader yangu ilizima katikati ya kuandika. Nilipoiwasha faili ipo lakini tupu, na nyingine hazifunguki.

Swali hili linakuja zaidi kuliko mengine yote, kwa sababu Orbit Reader 20 ndiyo wanafunzi wengi wanayo. Shirika la Kilimanjaro Blind Trust Africa, lenye makao hapa Nairobi, limezipeleka katika shule nyingi nchini. Ni kifaa kidogo cha seli 20, na faili zake hukaa kwenye kadi ya SD.

Kilichotokea ni hiki. Kadi hutumia mpango wa FAT32, ambao una orodha kuu inayosema kila faili inaanzia wapi na vipande vyake viko wapi. Kuhifadhi faili ni hatua mbili au tatu: andika maneno, andika orodha, sahihisha ukubwa wa faili. Umeme ukikatika katikati ya hatua hizo, au ukichomoa kadi wakati kifaa bado kinaandika, maneno yanaweza kuwa yameshafika kwenye kadi lakini orodha haina habari nayo. Faili inaonekana ina ukubwa wa sifuri, au jina limegeuka alama za ajabu. Maneno yenyewe mara nyingi bado yako.

Kwa hiyo usiandike chochote kwenye kadi hiyo. Hili ndilo shauri muhimu kuliko yote hapa. Kila noti mpya inaweza kukaa juu ya ile unayoitafuta. Toa kadi, weka nyingine, endelea na masomo. Ile ya kwanza ipeleke kwenye kompyuta. Programu ya PhotoRec ni ya bure na hupuuza ile orodha kuu. Hupekua kadi yote ikitafuta kinachofanana na faili. Maandishi matupu ndiyo magumu kwake kutambua, ikilinganishwa na picha, na majina ya faili hayatarudi, kwa hiyo jiandae kusoma vipande vingi. Hifadhi inachokipata kwenye diski ya kompyuta, kamwe si kwenye kadi ileile.

Baada ya hapo tu ndipo utumie CHKDSK ya Windows kurekebisha orodha ya kadi. Watu huanza na CHKDSK kwa kuwa Windows yenyewe inawahimiza. Inarekebisha orodha vizuri, lakini ikiona maneno yasiyo na mwenyewe inaweza kuyakata.

Kompyuta inasema kadi inahitaji kufomatiwa. Nikubali?

Kataa.

Kisha urudi kwenye jibu lililotangulia.

Nimefungua faili kwenye kompyuta na imejaa alama za ajabu. Imeharibika?

Pengine haijaharibika hata kidogo, na tafadhali usiifute. Faili yenye herufi BRF mwishoni ni breli iliyoandikwa kwa alama za kompyuta, kila seli ikipewa alama moja. Namba 2019 itaonekana kama #bjai, kwa kuwa kwenye breli herufi a hadi j ndizo namba. Alama ya kushangaa katikati ya sentensi ya Kiingereza ni kifupisho cha neno zima katika breli ya daraja la pili, ile inayotumia vifupisho. Mwalimu mwenye macho asiyejua jambo hili ataapa kuwa faili imekufa. Irudishe kwenye mstari wa breli uisome kwa vidole, ikisomeka, nzima.

Dalili za faili iliyoharibika kweli ni tofauti: inakatika katikati ya neno, inarudia kipande cha faili nyingine, au inagoma kufunguka kila mahali.

Kadi niliyonunua mjini ni ya GB 64 lakini faili zinapotea hata bila stima kukatika.

Hapo umeuziwa kadi ya uongo. Zipo kadi ndogo zilizobadilishwa ili ziiambie kompyuta kwamba ni kubwa. Nafasi ya kweli ikijaa, zinaendelea kupokea huku zikifuta za mwanzo au zikitupa za mwisho, na kifaa hakina namna ya kujua. Programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux, hujaza kadi yote na kusoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kinachosomwa. Ijaribu kadi kabla ya kuiamini, na dukani omba risiti.

Huhitaji kadi kubwa hata hivyo. Breli ni maandishi matupu: kitabu cha kurasa 300 hakifiki megabaiti 1. Kadi ya GB 8 kutoka duka linalojulikana inashinda ya GB 64 ya kwenye mkeka.

Baada ya betri kuisha, saa na tarehe vimerudi miaka ya nyuma. Ni dalili mbaya?

Kwa kifaa cha flashi, hapana. Saa ina mlo wake mdogo wa umeme, na mlo huo ukiisha inaanza upya. Rekebisha tarehe kabla ya kuandika lolote, maana faili mpya itapewa tarehe ya zamani. Halafu siku unanakili kwenda kompyuta, programu inayolinganisha tarehe itadhani nakala ya zamani ndiyo mpya na kuiandika juu ya kazi yako. Watu hupoteza noti kwa njia hii wiki nzima baada ya stima kukatika, na hawaunganishi mambo hayo mawili. Kwa kifaa cha RAM, saa kurudi nyuma ni habari mbaya, na pengine ukitazama folda utaikuta tupu.

Shule inafunga. Nikiache na chaji kamili au tupu?

Majibu mawili yanayopingana, kwa hiyo soma vizuri. Kifaa cha flashi chenye betri ya lithiamu: kiache kikiwa na chaji karibu nusu, kimezimwa kabisa, mahali pasipo na joto. Betri ya lithiamu iliyojaa na kukaa kwenye stoo ya mabati huzeeka haraka, na iliyolala tupu hushuka hadi kizuizi chake cha usalama kinajifunga. Januari ukichomeka chaja, kimya. Noti zingali ndani, ila huwezi kuzifikia bila betri mpya, na kama ziko kwenye kadi unaitoa tu na kuisoma kwingine.

Kifaa cha RAM: kiache kimejaa, na mtu akichaji tena katikati ya likizo. Betri ya nikeli hupoteza asilimia 10 au zaidi kwa mwezi hata isipotumika, na hii inailisha kumbukumbu juu ya hapo. Likizo ya Desemba imefuta kazi za mwaka kwa njia hiyo.

Flashi nayo haidumu milele? Nimesikia data huyeyuka.

Ni kweli, lakini usikose usingizi. Viwango vya JEDEC, shirika linaloweka viwango vya vipuri vya kielektroniki, vinataka diski ya flashi ya kompyuta ya kawaida, iliyotumika hadi mwisho wa uhai wake, ishike data mwaka 1 bila umeme kwenye joto la nyuzi 30. Yako haijachakaa kiasi hicho, na hali ya hewa ya Nairobi ina huruma. Hata hivyo kadi isiwe ndiyo maktaba yako ya pekee.

Fundi anasema atakiriseti kisha kitakuwa sawa.

Muulize riseti gani. Kuna ya kuwasha upya, ambayo ni kama kuzima na kuwasha kwa nguvu: utapoteza ulichokuwa hujahifadhi, basi. Kuna ya kurudisha kifaa kama kilivyotoka kiwandani, na hiyo inafuta vilivyo kwenye kumbukumbu ya ndani. Kwenye vifaa vya RAM hiyo ya pili haina kurudi. Mafundi wa simu wamezoea kufanya ya pili bila kuuliza, kwa kuwa wateja wao wana nakala kwenye akaunti zao. Toa kadi kabla hujamkabidhi kifaa, na simama hapo.

Betri imevimba, kifuniko kimeinuka.

Usiichaji wala kuitoboa. Toa kadi, kiweke kifaa mbali na vitu vinavyoshika moto, tafuta betri nyingine.

Nakala nifanye vipi bila kununua kitu?

Kama kifaa chako kina intaneti, jitumie noti kwa barua pepe jioni, au uziweke kwenye Google Drive. Kama hakina, chomeka kwenye kompyuta yoyote yenye NVDA, programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti, nakili folda nzima ya noti, ipe jina la tarehe. Wanafunzi wa vyuo wanaweza kutumia kompyuta za kitengo cha wenye ulemavu chuoni. Watoto wa shule wanamtegemea mwalimu, na mwalimu mwenye madaftari thelathini ana shughuli. Afadhali wanafunzi wa vidato vya juu wafundishwe wafanyie wadogo.

Nampa mtu mwingine kifaa changu. Nikiacha betri iishe kabisa, mambo yangu yatafutika?

Kwenye Braille 'n Speak ya RAM, ndiyo, na wenye navyo walifanya hivyo. Kwenye vifaa vya leo, hakuna kitakachofutika. Hata amri ya kufuta faili inaondoa tu jina lake kwenye orodha, na PhotoRec tuliyoitaja juu itayatoa maneno yako kwa mwenye nia. Ikiwa wewe ni mwanasheria, mshauri nasaha au mwalimu, humo mna mambo ya watu wengine, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamhusu anayeyashika, iwe ofisi iwe shule. Kwa Android iliyowekewa usimbaji (data imefungwa kwa msimbo), rudisha kifaa hali ya kiwandani kutoka kwenye mipangilio. Kwa Orbit Reader, toa kadi ubaki nayo, na umpe mwenzako kifaa chenye kadi mpya.